Herufi Nne Zilizojificha

"Uliniambia umebadilisha jina! Jina ukabadilisha, tarehe ukabadilisha, ukarudisha nyuma mpaka saa ya mashine! Sasa hii nini? Hebu niambie, shemeji, hii nini?"

Mkandarasi alisimama katikati ya chumba, viatu vina vumbi la saruji mpaka kwenye kamba, simu kaisogeza karibu kabisa na pua ya mwenzake. Kwenye simu kulikuwa na picha ya karatasi. Kwenye karatasi hiyo kulikuwa na majina mawili ya mafaili, moja chini ya jingine, yanafanana kama pacha. La kwanza limekolea. La pili limefifia, kama limeandikwa na mtu asiyetaka kuonekana, na mbele yake lina nukta na kistari.

"Punguza sauti, shem. Nje kuna watu."

"Watu gani? Nje kuna fundi viatu, na yule hata mkewe akimwita hasikii!"

"Anajifanya hamsikii mkewe tu. Wewe anakusikia vizuri sana."

Aliyejibu hivyo alikuwa mchapaji, mwenye chumba chake. Mji mzima unamwita Pambizo. Jina lilimwanzia ofisini, enzi za mashine za kugonga, alipokuwa akichapa barua za mkubwa mmoja bahili wa karatasi. Mkubwa alitaka maneno yajae ukurasa mzima, pembeni kusibaki nafasi tupu. Yeye akasema barua bila pambizo ni kama mtu mzima aliyevaa shati la mtoto. Wakabishana siku tatu. Siku ya nne akafukuzwa, akaondoka na mkoba wake na jina jipya.

Tangu hapo, miaka ishirini na sita, amekaa kwenye chumba hiki kinachotazamana na lango la mahakama. Meza moja, benchi moja la wateja, kisu cha kukatia karatasi, feni inayozunguka kwa manung'uniko. Amechapa barua za kuomba kazi na barua za kufukuzwa kazi. Amechapa kadi za harusi, na wengine kati ya hao maharusi walirudi baadaye kuchapiwa talaka, herufi zilezile, karatasi bei rahisi kidogo. Ukimuuliza fulani na mkewe wana ugomvi gani, atakuambia hajui. Na kweli hajui. Mchapaji hasomi, ndivyo anavyosema siku zote. Maneno yanaingia machoni, yanatokea vidoleni, kichwani hayapiti.

Kuna kazi nyingine ambayo watu walimfuata nayo kutoka mbali. Mtu ana barua ya zamani, mchwa wamekula robo, au mvua imeingia sandukuni. Pambizo anaihamisha neno kwa neno, kwenye karatasi mpya, na tarehe yake ileile ya zamani. Ila chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, anaweka mstari mmoja: *Imechapwa upya na mchapaji kutoka kwenye nakala chakavu.* Anaweka na siku ya kuhamisha. Huo mstari hana mjadala nao. Mteja akiukataa, anarudishiwa mchwa wake.

Kwa miaka ishirini na sita, aliuacha mara moja tu. Na huyo aliyemwachia ndiye huyu amesimama mbele yake na simu.

"Karani wa mahakama kanitumia asubuhi hii," mkandarasi akaendelea. Sauti sasa ilikuwa imeshuka, na ilivyoshuka ndivyo ilivyotisha zaidi. "Anasema yule mtoto wa marehemu kapeleka karatasi hii mahakamani. Huyo mtoto anasema barua ya kaka yangu haikuchapwa ofisini kwa kaka yangu. Anasema imechapwa hapa. Mimi nikacheka. Nikasema, atajuaje? Sasa naona karani hacheki. Nieleze."

Pambizo alivaa miwani. Akaitazama ile picha, akaivuta kwa vidole viwili ikakua. Chini ya yale majina mawili, mtu alikuwa amelifungua lile faili lililofifia akaliweka wazi. Lilikuwa na alama zisizosomeka, takataka tupu, miduara na vijiti. Katikati ya takataka, kama meno mdomoni, zilikaa herufi nne zinazosomeka vizuri kabisa.

S, A, F, U.

Akairudisha simu taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani.

"Ni mashine," akasema.

"Mashine imefanya nini?"

"Imetuandika."

Ile mashine ilikuwa pale pale mezani inasikiliza, kubwa, rangi yake imegeuka ya njano. Pambizo aliinunua miaka mitatu iliyopita kutoka kwenye kiwanda cha uchapaji kilichofungwa. Ililetwa kwa mkokoteni, na njia nzima watu walikuwa wanamuuliza amenunua jokofu la nani. Hakujali. Ndani yake kulikuwa na programu ya kupangia maneno inayoitwa Safu, ya zamani, nzuri, inayojua pambizo kuliko binadamu. Waliokuwa wanaitumia wote walishaiacha. Akaandika kwenye kibao chake cha mlangoni: *Herufi za Safu, mji mzima utazipata hapa tu.*

Siku ya kumkabidhi, mzee wa kile kiwanda alimwambia kitu. Alimwambia, "Hii mashine si kama hizi za siku hizi. Hizi za siku hizi zinaangalia mkia wa jina la faili. Ukikata mkia, hazimjui mtoto wao. Hii haiangalii jina. Kila faili linalozaliwa humu linagongwa muhuri kwa ndani, herufi nne za programu iliyolizaa. Huuoni. Lakini ukibonyeza faili, mashine inasoma muhuri kwanza, inamwita mwenyewe. Liite jina lolote, liite hata la shangazi yako, litafunguka kwa Safu."

Pambizo alilipenda hilo. Alijaribu siku nzima kuyapa mafaili majina ya kijinga, na kila alipobonyeza, Safu ilikuja kama mama aliyesikia kilio cha mwanawe. Jambo ambalo yule mzee hakumwambia, labda naye hakulijua, ni kwamba ukilihamishia faili kwenye flashi, ule muhuri haubaki nyuma. Mashine inautengenezea faili dogo la pembeni, pacha aliyefichwa, inamtangulizia nukta na kistari, inamtuma amfuate mwenzake. Kwenye mashine hii humwoni. Kwenye nyingi za kawaida pia humwoni, mpaka mtu aamuru aonyeshwe vilivyofichwa.

Pambizo alimweleza shemeji yake yote hayo, kwa kifupi kuliko nilivyoyaeleza mimi.

"Kwa hiyo," mkandarasi akasema, "nilitembea na hicho kijitu mfukoni. Nikakipeleka mahakamani kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hata mimi sikukijua, shem."

"Wewe ndiye fundi!"

"Mimi mchapaji. Fundi ni mwingine."

Miezi miwili iliyopita mkandarasi alikuja na ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Alikuwa amemzika kaka yake wiki tatu nyuma. Ukurasa ulisema kwamba kaka mtu, akiwa na akili timamu, anamwachia mdogo wake nyumba. Akasema barua yenyewe kaka aliichapa kazini kwake miaka saba iliyopita, ikaloa, ikaharibika, huu ndio mwandiko wa kuikumbuka. "Nihamishie tu, shemeji. Ule mstari wako wa chini uache. Utawachanganya." Kisha akasema mahakama inataka na nakala ya flashi, iwe na tarehe ya zamani, ifunguke popote.

Wino wa ule ukurasa ulikuwa unang'aa bado. Pambizo aliuona. Lakini huyu mtu alikuwa mume wa mdogo wake wa kike, mtoto wa mwisho wa mama yao, na mdogo wake alikuwa amempigia simu asubuhi hiyo kwa sauti nyembamba: "Kaka, akija usimkatalie. Nakuomba. Akirudi kakataliwa, hapa ndani hapakaliki." Basi akachapa. Akaigeuza kuwa faili la kawaida, akaipa jina la kawaida, akarudisha saa ya mashine miaka saba nyuma, akatia kwenye flashi. Sahihi ya marehemu iliwekwa baadaye, kwa mkono gani hakuuliza. Mchapaji hasomi. Siku ile alisoma kila neno.

Ndani ya ile nyumba wanaishi mjane wa marehemu na binti yake, muuguzi wa hospitali. Kama barua itasimama, keshokutwa wanatoka.

"Sikiliza," mkandarasi akasema, akavuta benchi akakaa, magoti yanagusana na ya Pambizo. "Halijaharibika neno. Wakikuita, unasema ndiyo, imechapwa hapa. Marehemu mwenyewe alikuja, miaka saba iliyopita, kwa miguu yake, akakaa hapa hapa nilipokaa mimi. Basi. Umemalizana nao."

"Miaka saba iliyopita mashine hii sikuwa nayo."

"Nani anajua?"

"Shem, ilikuja kwa mkokoteni. Mwenye duka la mikate mpaka leo ananiita mwenye jokofu."

"Watu wanasahau."

"Watu wanasahau harusi yao. Kichekesho hawasahau."

Mkandarasi hakucheka. Aliigeukia ile mashine, akaitazama kwa muda, juu mpaka chini, kama anavyotazama ukuta wa mtu kabla hajaubomoa. Akaugonga ubavu wake kwa kidole mara mbili.

"Na ikiwa haipo?"

"Haipo vipi?"

"Haipo. Vitu vinaharibika. Vinaibiwa. Wakija hapa wakute meza na feni, watalinganisha na nini?"

Pambizo aliona vidole vya shemeji yake bado vimekaa juu ya mashine. Vilikuwa vimetulia. Alikumbuka kilemba ambacho mdogo wake alikivaa Jumapili iliyopita, kimeshuka mpaka nyusi, nyumbani, ndani, na joto lile. Alipomuuliza alisema kichwa kinauma. Hakumuuliza mara ya pili.

"Nitakutumia vijana wawili mchana huu," mkandarasi akasema. "Wewe nenda ukanywe chai mahali."

Hapo mlango ukasukumwa.

Aliyeingia alikuwa muuguzi mwenyewe, sare nyeupe, viatu vya raba, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu bila kupita nyumbani. Mkononi alikuwa na bahasha. Alipomwona baba yake mdogo pale kwenye benchi, alisimama kidogo tu, kisha akafanya adabu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anafunga vyombo." Akamgeukia mchapaji. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Samahani kuwaingilia. Sina muda, na nyie nadhani mnajua nimefuata nini, maana karani yule siri haimkai tumboni hata kwa dawa." Alitoa karatasi, ileile ya kwenye simu. "Fundi wa kompyuta pale hospitali, kazi yake kila siku ni kuwinda virusi kwenye flashi za watu. Mashine yake inaonyesha kila kilichofichwa. Nilimpa nakala ya mahakama aifungue tu, nimsomee mama kwa utulivu. Akaniuliza, huyu mwingine wa pembeni ni nani? Nikamwambia simjui. Tukamfungua."

"Virusi hivyo," mkandarasi akasema. "Umesema mwenyewe."

"Virusi haviandiki Safu, baba mdogo."

"Wewe ni nesi. Umeanza lini mambo ya kompyuta?"

"Sijaanza. Najua kusoma kibao cha mlangoni tu."

Nje fundi viatu aliacha kugonga nyundo yake. Yule mtu asiyesikia.

Muuguzi aliiweka karatasi mezani, akaigeuza imwelekee mchapaji, akaweka na kalamu juu yake. "Karani kasema kabla ya saa sita wanataka mwenye mashine aandike mwenyewe, ndiyo au siyo. Imechapwa hapa, au haikuchapwa. Na kama imechapwa, lini. Asipoandika, kesi inafungwa, keshokutwa funguo zinakabidhiwa." Sauti ilitaka kukatika, akaimeza. "Mjomba, mwaka juzi ulinihamishia cheti changu kilicholoana. Ukaniwekea mstari wako chini. Nililalamika, unakumbuka? Nilisema utaniharibia. Ukaniambia, bila huo mstari mimi si mchapaji, ni mwizi mwenye kibodi."

"Nakumbuka."

"Kwenye barua ya baba hakuna mstari. Ndiyo maana nimekuja kuuliza na wala sikuja na askari. Nikasema labda si wewe. Labda kuna mwingine ana Safu."

Alikuwa anampa njia, yule binti. Pambizo aliiona, pana, imefagiwa. Angesema tu kuna mwingine. Shemeji yake naye aliiona, akakaa vizuri kwenye benchi.

"Mjibu mtoto," mkandarasi akasema kwa upole. "Mwambie. Mdogo wako jana alikuwa anakuulizia, nikamwambia kaka yako ni mtu wa busara."

Pambizo alilisikia lile *mdogo wako*, akakikumbuka tena kile kilemba. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika kumi. Kwenye mashine, akilini mwake, aliyaona mafaili yake yote, maelfu, kila moja na muhuri wake wa ndani ambao hakuwahi kuuona: kila kadi, kila talaka, kila barua ya mchwa. Yote yamesema kweli yametoka wapi, bila kuulizwa na mtu. Moja tu ndilo alilojaribu kulifundisha uongo, na lenyewe likakataa.

Alichukua kalamu.

"Shemeji," mkandarasi akasema. Hakunyanyua sauti.

Aliandika kwa mkono, yeye ambaye mwandiko wake hakuna aliyewahi kuuona. Aliandika kwamba barua ile aliichapa yeye, kwenye mashine hii, miezi miwili iliyopita, baada ya mazishi, kutoka kwenye ukurasa wa daftari ulioletwa na mdogo wa marehemu. Kwamba saa aliirudisha nyuma yeye. Kwamba nakala chakavu hakuonyeshwa, na mstari wa chini aliuacha kwa kuombwa. Akaacha pambizo pande zote mbili, ni mazoea. Akatia sahihi.

Muuguzi aliisoma akiwa amesimama. Machozi yalimtoka mara moja kama damu ya pua, hata yeye hakuyatarajia. "Wewe nawe watakukamata, mjomba."

"Watanikamata. Peleka kabla ya saa sita. Pita nyuma ya fundi viatu, uingilie mlango mdogo wa mahakama, usipite lango kuu."

"Kwa nini nipite nyuma?"

"Pita tu."

Akaingiza karatasi kwenye bahasha, bahasha ndani ya sare, akamtazama baba yake mdogo. Alionekana kama anataka kusema kitu cha miaka mingi. Mwisho akasema, "Kwaheri, baba mdogo," akatoka. Viatu vyake vya raba havikusikika vikienda.

Wakabaki wawili. Pambizo alingoja kupigwa. Alishavua miwani, akaiweka mbali kidogo, isivunjike.

Mkandarasi hakunyanyuka mara moja. Alipangusa vumbi la saruji kwenye goti lake, punje kwa punje. Simu yake ikaita. Akaipokea, akasema, "Mchanga umefika? Basi anzeni kukoroga. Msimwage mpaka nifike, nataka niwepo mwenyewe." Akaitia mfukoni. Uso ulikuwa wa kawaida kabisa, uso wa mtu mwenye kazi nyingi na mchana mfupi.

"Umeandika vizuri," akasema. "Mwandiko mzuri. Sikuwa najua."

"Shem, mdogo wangu hajui lolote katika hili. Hajui kabisa. Yeye usi..."

"Nani kamtaja mke wangu?"

Pambizo akainuka.

"Wewe kaa na mashine yako. Sitaigusa. Ya nini sasa?" Alisimama, akalirudisha benchi ukutani palepale lilipokuwa, akalinyoosha. "Usimpigie simu leo. Simu yake ninayo mimi." Akaupapasa mfuko wa pili, wa shati, taratibu, kuonyesha ilipo.

"Nitakuja kumwona. Nakuja sasa hivi."

"Sasa hivi unangojewa na mahakama, shemeji. Askari wakija wakukute, usiwape shida." Alifika mlangoni, akaangalia juu, jua lilikuwa kali. "Mimi nina zege linanisubiri, likikauka kabla sijafika ni hasara. Nikimaliza ndiyo nitapita nyumbani."

Akashuka ngazi mbili, akamsalimia fundi viatu kwa jina lake, akamuuliza wajukuu, akavuka barabara kuelekea kwenye pikapu yake.